Kiraka Kinachosema Hakuna Kilichobadilika

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi mbele ya waandaaji programu waliokutana hapa Nairobi. Imewekwa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika. Yaliyokuwa kwenye skrini yameachwa.

Mabibi na mabwana, wanafunzi mliosoma wiki nzima na bado mkaja Jumamosi, ndugu zangu mnaolinda seva usiku wenzenu wakilala: hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie ukaguzi wa msimbo, na nimechagua upande wake usiopigiwa makofi. Nataka tuzungumze juu ya kukagua viraka vya usafishaji, yaani mabadiliko madogo ya msimbo, katika sehemu ya kerneli ya Linux, kiini cha mfumo wa uendeshaji, inayohifadhi faili. Viraka hivi havileti kitu kipya. Haviongezi kasi. Havitibu hitilafu ambayo mtu ameilalamikia. Vinafuta kisichotumika, vinabadilisha majina, vinaunganisha mistari iliyojirudia, vinagawa fanksheni ndefu, yaani vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina, kuwa fupi. Na juu yake mwandishi huandika maneno haya: "Hakuna kilichobadilika katika utendaji."

Ni nani humu ndani hajawahi kusoma maneno hayo, akateremka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa na kuidhinisha? Mimi nawaambia kwamba kiraka cha namna hiyo ndicho cha kusomwa polepole kuliko vyote. Mwandishi wa kitu kipya anakuonyesha kilipo, nawe unakitazama. Anayesema hakuna kilichobadilika anakuomba uamini neno lake juu ya kila mstari aliougusa.

Kwanza tujue ukubwa wa kazi yenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Madison, Marekani, walitoa matokeo ya kusoma viraka 5,079 vya mifumo sita ya faili ya Linux: Ext3, Ext4, XFS, Btrfs, ReiserFS na JFS. Vilikuwa viraka vya miaka minane, tangu kerneli 2.6 ilipoanza mwishoni mwa 2003. Mnadhani vingi vilikuwa vya nini? Asilimia 45 vilikuwa vya matengenezo: usafishaji, kupanga upya, maelezo. Vya kurekebisha hitilafu havikufika asilimia 40. Ndugu zangu, karibu nusu ya kazi! Mtu akikwambia usafishaji ni kazi ya wanaoanza, mwambie ndio unaobeba mifumo ya faili.

Na ni lazima ufanyike. Mfumo wa kwanza uliotengenezwa mahususi kwa Linux, ext, ulitoka 1992, kwa sababu mfumo wa Minix uliotumika kabla yake haukuweza kuvuka megabaiti 64 wala jina la faili lenye zaidi ya herufi 14. Tangu hapo kumekuja ext2, ext3, ext4, na kila kizazi kimeacha mistari yake. Msimbo wa ext3 ulikuja kuondolewa wote mwaka 2015, kwa kuwa ext4 ilikuwa tayari inaweza kusoma na kuandika diski zake. Kufuli kubwa moja, yaani kizuizi kinachoruhusu mmoja tu apite kwa zamu, lililofungia karibu kerneli nzima liling'olewa kipande kwa kipande kwa miaka mingi hadi likaisha 2011. Usione vyaelea, vimeundwa, na vikishaundwa vinahitaji mtu wa kuvitunza. Kwa hiyo sikuja kuwatisha mwache kusafisha. Nimekuja kuwaomba mkague kama watu wanaojua wamebeba nini mikononi.

Wamebeba nini? Simu nyingi zilizomo mifukoni mwenu zina Android, na ndani ya Android kuna kerneli ya Linux. Wakala wa M-Pesa aliyekaa kwenye kibanda chake, mama mboga anayepokea malipo kwa simu, hospitali ndogo ya mtaani yenye kompyuta moja ya rekodi za wagonjwa: wote hawa wanaandika juu ya safu tunayoizungumzia. Hawatajua jina la fanksheni hata moja. Watajua tu kama rekodi ya jana ipo au haipo.

Sasa nipeni masikio kwa kisa cha Desemba 2023.

Katika kerneli kuna safu iitwayo iomap. Mifumo kadhaa ya faili huitumia, na moja ya kazi zake ni kupeleka data diskini moja kwa moja, bila kuipitisha kwenye kumbukumbu ya kati. Mwaka huo safu hiyo ilifanyiwa usafishaji, na ulikuwa usafishaji mzuri. Kazi zilizotawanyika zilikusanywa mahali pamoja. Katika kiraka kimoja cha mfululizo ule, mstari unaosogeza mbele alama ya mahali faili ilipofikia kuandikwa uliteremshwa chini kidogo ndani ya fanksheni ileile. Kabla ya hapo, alama ilisogezwa pale tu mfumo wa faili uliporudisha sifuri, maana yake nimemaliza salama. Baada ya hapo, ilisogezwa pia mfumo wa faili ulipojibu kwa idadi ya baiti zilizoandikwa. Je, kuna kilichovunjika? Hakuna. Narudia, hakuna kilichovunjika. Kerneli 6.5 ikatoka na mabadiliko hayo, ikafanya kazi yake.

Miezi michache baadaye ext4 ikapata kiraka kingine cha kurekebisha hitilafu ya kweli: programu ilikuwa imeomba data ithibitishwe diskini, lakini ukubwa mpya wa faili haukuthibitishwa ipasavyo pamoja nayo. Kiraka hicho kiliifanya ext4 ianze kurudisha idadi ya baiti badala ya sifuri. Ndani ya kerneli mpya, sawa kabisa. Lakini mnajua utaratibu: marekebisho ya hitilafu hupelekwa pia kwenye matoleo ya zamani yanayotunzwa kwa miaka. Hiki kikapelekwa kwenye 6.1. Kile cha usafishaji hakikupelekwa. Nani angekumbuka kukipeleka? Si kilikuwa usafishaji tu?

Basi ikawa hivi. Katika kerneli 6.1.64, ext4 inajibu kwa idadi ya baiti. Iomap ya zamani inasubiri sifuri, haioni sifuri, inaiacha alama palepale. Programu imeandika, imeambiwa imefaulu, inaandika tena, na maandishi ya pili yanaangukia juu ya ya kwanza. Hakuna ujumbe wa hitilafu. Hakuna mashine iliyozimika. Data ya mtu inafunikwa kimya kimya. Mradi wa Debian, unaosambaza mfumo kamili wa Linux, ulikuwa katikati ya kutoa toleo 12.3 wikendi hiyohiyo. Ukasimamisha, ukawaomba watu wasisasishe mashine zao, na tarehe 10 Desemba ukatoa 12.4 yenye kerneli iliyopona.

Nimewasimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu hakina mzembe. Aliyesafisha alisafisha vizuri. Aliyerekebisha alirekebisha vizuri. Kilichosogea ni ahadi iliyokuwa baina ya safu mbili: wewe ukinirudishia nini, mimi nitafanya nini. Ahadi hiyo haikuwa imeandikwa popote ila ndani ya mpangilio wa mistari, na mpangilio ndio uliobadilika.

Kwa hiyo ukipata kiraka kinachoteremsha mstari mmoja hatua chache chini, usiulize tu kama msimbo bado unakompailika, yaani unageuzwa kuwa programu bila kosa. Uliza: kabla ya kiraka hiki, anayeitwa na fanksheni hii alikuwa anaruhusiwa kurudisha nini? Na sasa? Kama jibu limepanuka hata kidogo, mwombe mwandishi aliseme kwenye maelezo ya kiraka. Sentensi moja inatosha: kuanzia hapa, jibu lililo juu ya sifuri linakubalika. Anayehamisha marekebisho kwenda toleo la zamani miezi sita baadaye atakuwa na kitu cha kutafuta na kukipata.

Twende kwenye njia za kushindwa. Hapa ndipo ningependa kila mkaguzi wa Nairobi ajulikane kwa ukali.

Watafiti wa chuo kilekile cha Wisconsin walikuwa wamepita huku kabla, mwaka 2008, wakafuatilia namba za hitilafu zinavyosafiri ndani ya mifumo ya faili na viendeshi vya diski. Kati ya miito 9,022 waliyoichunguza, 1,153 iliiangusha namba ya hitilafu njiani bila kuishughulikia. Diski imelia, na kilio hakikumfikia mtu. Kwa nini? Kwa sababu njia ya kufaulu hupitiwa mara milioni kwa siku na kila mtu, na njia ya kushindwa hupitiwa siku diski inapokufa, usiku, kwenye mashine ya mtu mwingine.

Na wasafishaji wanapenda sana njia za kushindwa, kwa kuwa ndiko mistari inakojirudia. Tutazame mfano kwa karibu. Fanksheni inaomba kumbukumbu, inafunga kufuli, inasoma bloku kutoka diskini. Chini yake kuna vituo viwili vya kutokea: cha kwanza kinafungua kufuli, kisha unaangukia cha pili kinachorudisha kumbukumbu. Msafishaji anaona vituo viwili, anasema kimoja kinatosha. Sababu yake ni nzuri: kfree, inayorudisha kumbukumbu, ukiipa pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) iliyo tupu haifanyi kitu, na brelse, inayoachilia bloku, vivyo hivyo. Kweli. Lakini kufuli halina huruma hiyo. Ukifungua kufuli ambalo hukulifunga, umevunja hesabu ya kila anayelisubiri. Kwa hiyo kiraka kilekile ni sahihi kwa kumbukumbu na ni hatari kwa kufuli, na tofauti yake kwa macho ni neno moja.

Ongeza na hili. Katika kerneli, pointa inaweza kuwa nzima, inaweza kuwa tupu, na inaweza kuwa imebeba namba ya hitilafu ndani yake. Hiyo ya tatu si tupu! Ukiipeleka kwa brelse, mashine inaanguka. Mwaka 2014 fanksheni ya ext4 iitwayo ext4_bread, inayosoma bloku, ilibadilishwa ianze kurudisha pointa za namna hiyo, jambo jema, kwa sababu sababu ya kushindwa haikupotea tena. Lakini fikiria kazi ya mkaguzi siku ile. Ilibidi atembelee kila mahali fanksheni ile inapoitwa, aone kama palipokuwa panauliza "je, ni tupu?" sasa panauliza swali sahihi. Kiraka kinakuonyesha mahali palipobadilishwa. Mahali palipopaswa kubadilishwa pakasahaulika hutapaona humo hata ukikodoa macho. Lazima utoke nje ya kiraka, utafute mwenyewe.

Siku hizi kuna njia mpya. Tangu kerneli 6.5, ya mwaka 2023, kumekuwa na zana zinazofungua kufuli na kurudisha kumbukumbu zenyewe mtu anapotoka ndani ya fanksheni. Nazipenda. Zinafuta kundi zima la makosa. Lakini maelezo ya zana hizo yenyewe yanasema usizichanganye na goto, ile amri ya kurukia vituo vya kutokea, ndani ya fanksheni moja, na yanaeleza kwamba vitu huachiliwa kwa kinyume cha mpangilio vilivyotangazwa. Ukiona kiraka cha usafishaji kimeingiza zana hizi nusu na kuacha goto nusu, kirudishe, kwa heshima, ukieleza sababu. Na ukiona mwandishi amehamisha tangazo la kigeu juu ya fanksheni ili papendeze, tazama tena: huenda amegeuza mpangilio wa kuachilia.

Jambo la tatu, na hili mkazi yeyote wa Nairobi analielewa haraka: stima ikipotea.

Mwaka 2009, ext4 ikiwa bado changa, watumiaji walianza kulalamika. Mashine ilikuwa ikizimika ghafla, ikiwaka, faili za mipangilio zipo kwa majina lakini ni tupu kabisa. Baiti sifuri. Ext3 haikuwa na mazoea hayo. Kilichobadilika ni kwamba ext4 ilichelewesha kuamua data ikae wapi diskini, ili iamue vizuri zaidi, na ucheleweshaji huo uliweza kupita nusu dakika. Programu nyingi zilikuwa zinaandika faili ya muda, kisha zinaipa jina la faili ya zamani, bila kuita fsync, yaani ombi la kuhakikisha data imefika diskini, katikati. Jina likifika diskini kabla ya data na stima ikapotea hapohapo, umebaki na jina.

Watunzaji wa ext4 walisema wazi kwamba programu ndizo zinazopaswa kuita fsync. Lakini hawakuishia hapo. Waliongeza mistari ndani ya ext4 inayotambua mtindo ule: faili inapopewa jina la faili nyingine iliyokuwepo, data yake inapangiwa mahali na kusukumwa diskini mapema. Mistari hiyo imo hadi leo ndani ya fanksheni ya ext4_rename. Ukiisoma bila historia, inaonekana ya ajabu. Kubadilisha jina kunahusiana vipi na kupangia data nafasi? Kijana mwenye bidii atasema haina kazi, tuiondoe. Majaribio ya kawaida yatapita yote. Kompaila haitalalamika. Litakaloonyesha kosa ni duka fulani Gikomba, saa kumi na mbili jioni, taa za mtaa mzima zikizimika kwa pamoja. Kuondoa mstari usiojua kazi yake ni kama kufagia duka na kutupa kipande cha karatasi kilichoandikwa madeni ya wateja. Duka litapendeza, na hasara utaijua mwisho wa mwezi.

Mnataka ushahidi kwamba mstari mmoja unaweza kugharimu hivyo? Tokeni kwenye faili kidogo, twende kwenye usimbaji, yaani kuficha data kwa funguo za siri. Mwaka 2006, katika toleo la Debian la programu ya usimbaji iitwayo OpenSSL, mistari miwili iliondolewa kwa sababu zana ya kukagua kumbukumbu ilikuwa inailalamikia. Mistari yote miwili ilifanana kwa macho. Mmoja ulikuwa kweli wa kutupwa. Wa pili ndio uliokuwa unachanganya nasibu ndani ya funguo za siri. Aliyeuondoa hata aliuliza kwanza, na jibu alilopata lilionekana kama ruhusa. Ikapita karibu miaka miwili. Mei 2008 ndipo ilipotangazwa kwamba kilichobaki cha kutofautisha funguo kilikuwa namba ya mchakato tu, kwa hiyo kwa kila aina na ukubwa wa funguo zilikuwepo 32,768 za kubahatisha. Watu duniani kote wakaanza kutupa funguo na kutengeneza upya.

Kuuliza si ujinga, na bado kuuliza peke yake hakukutosha. Anayejibu lazima aone kiraka chenyewe, mstari kwa mstari, si maelezo yake. Na kabla ya kuuliza mtu, ulizeni historia. Git, zana inayotunza historia ya msimbo, inaweza kukuonyesha kiraka kilicholeta mstari na kila kiraka kilichougusa tangu hapo. Ukikuta uliletwa kutibu hitilafu, mwandishi wa usafishaji ana deni la kueleza kwa nini hitilafu hiyo haiwezi kurudi. Asipoeleza, usitie jina lako.

Kuhusu namna ya kufanya kazi sina mengi, kwa sababu mengi mnayajua. Usikubali kiraka kinachohamisha msimbo na kuubadilisha kwa wakati mmoja. Viwe viwili, ili uhamisho usomwe kama uhamisho, na git inaweza kuipaka rangi mistari iliyohama bila kuguswa. Kama kiraka kinadai kubadilisha majina tu, kompaili kabla na baada, ulinganishe kilichotoka. Mara nyingi kinapaswa kulingana. Endesha majaribio ya mifumo ya faili yaitwayo fstests kabla ya kiraka pia, la sivyo hutajua yaliyofeli yalikuwa yanafeli tangu zamani. Na jaribu kukata stima: kuna zana za kerneli zinazojifanya diski inayokufa katikati ya kuandika, huhitaji kuharibu kompyuta yako.

Kuna jambo moja nalisema kwa uchungu. Vijana wengi wa hapa wananiambia wanasubiri wawe wakubwa ndipo waguse kerneli. Mnasubiri nani awaite? Ukaguzi hauombewi ruhusa. Viraka vinatumwa hadharani kila siku, vya usafishaji kwa wingi, na watunzaji wa mifumo ya faili wamesema mara nyingi kwamba wakaguzi ndio wanaopungua kuliko waandishi. Kutia jina lako chini ya kiraka kwamba umekikagua kuna maana iliyoandikwa ndani ya maelezo ya kerneli: kwamba umekichunguza kiufundi, kwamba uliyoyatilia shaka yamejibiwa, na kwamba kwa ufahamu wako kinafaa kuingia. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekaa siku mbili na kiraka cha mistari arobaini, akauliza swali moja sahihi juu ya kufuli, amefanya kazi hiyo.

Tutakunywa chai sasa, kisha tutaanza kazi. Meza za nyuma zina mashine zilizo na kerneli na fstests tayari. Wenye laptopu wakae na wasio nazo, wawili wawili. Kila jozi ifungue fs/ext4/namei.c, iende kwenye ext4_rename, iutafute mstari ule unaopangia data nafasi, na itumie git kutafuta kiraka kilichouleta. Andikeni kilisema kinazuia nini. Kisha nitawagawia viraka vitatu vya usafishaji nilivyovitengeneza juu ya faili hiyohiyo, na vyote vinasema hakuna kilichobadilika.